Tairi la Majira Yote: Kwa Nini Ushahidi wa Madereva Hupingana

Gari zima, pamoja na abiria na mizigo yake, hushikamana na barabara kwa maeneo manne tu ya mpira, ambayo kila moja hukaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Breki huzuia gurudumu lisizunguke. Kinachosimamisha gari lenyewe ni msuguano kati ya mpira na barabara. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa tairi ni suala la uhai, na yafaa lichunguzwe kisayansi.

Katika nchi ya Marekani, dereva wa majimbo ya baridi alizoea kuweka seti mbili za matairi: moja ya kiangazi na moja ya theluji. Mwaka 1977 kampuni ya Goodyear ilitoa tairi lililoitwa Tiempo, lililokusudiwa kutumika mwaka mzima. Baadaye yalitokea matairi ya majira yote yaliyoundwa kwa ajili ya magari ya mwendo mkali. Haya hutambulika kwa herufi ya mwendo iliyochapwa ubavuni: H kwa kilomita 210 kwa saa, V kwa 240, na W kwa 270.

Madereva wanaoyatumia hutoa ushahidi unaopingana. Dereva wa Miami husema kuwa tairi lake hushika barabara vizuri katika jua na katika mvua. Dereva wa Minneapolis, mwenye tairi la aina ile ile, husema kuwa gari lake huteleza kila afikapo njia panda. Wa tatu husema kuwa tairi lilikuwa zuri mwaka wa kwanza na baya mwaka wa tatu. Je, ni nani msema kweli? Sayansi ya mpira huonyesha kwamba wote watatu waweza kuwa wakweli.

Mpira na joto

Mpira umeundwa kwa molekuli ndefu mithili ya nyuzi zilizosokotana. Mwaka 1839 Charles Goodyear, ambaye jina lake lilikuja kupewa kampuni iliyotajwa, aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa hauyeyuki kwa jua wala haukakamai upesi kwa baridi. Salfa hufunga nyuzi hizo kwa vifundo, hata mpira ukivutwa hurejea katika umbo lake.

Hata hivyo, vifundo hivyo haviondoi athari ya joto. Kila aina ya mpira ina kiwango cha joto ambapo molekuli zake huacha kujongea, na mpira huwa mgumu kama kioo. Kwa mpira wa asili kiwango hicho ni karibu nyuzi 70 za sentigredi chini ya sifuri. Lakini ugumu hauji ghafla. Huanza kuongezeka mapema zaidi, na mpira mgumu hauwezi kujibana katika vinundu vidogo vya barabara.

Fundi wa matairi huchanganya aina kadhaa za mpira, masizi, silika na mafuta ili apate tabia anayoitaka. Mchanganyiko wa tairi la kiangazi hushika vyema penye joto, lakini hukakamaa joto linaposhuka. Watengenezaji wengi huchukua nyuzi 7 kuwa mpaka. Mchanganyiko wa tairi la theluji hubaki laini katika baridi, lakini katika jua kali huwa laini kupita kiasi: hulika upesi, na gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Tairi la majira yote limewekwa katikati. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Tairi hilo halikuponyokwa na yote mawili, ila limepunguziwa kidogo kila upande. Mjini Miami, ambako wastani wa joto la Januari hukaribia nyuzi 20, upungufu wa upande wa baridi hauonekani kamwe. Mjini Minneapolis, ambako wastani wa mwezi huo huo ni chini ya sifuri, ndio unaoonekana kila siku.

Kashata na maji

Uso wa tairi umegawanywa kwa mifereji, na vipande vya mpira vilivyo kati ya mifereji hiyo ndivyo madereva wa Tanzania huviita kashata. Kazi kubwa ya mifereji ni kupitisha maji. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kina kikishuka chini ya milimita 1.6 tairi haliruhusiwi barabarani.

Maji yakizidi uwezo wa mifereji, tairi hupanda juu ya maji na kuelea, na usukani huwa mwepesi bila kazi. Mwaka 1963 watafiti wa NASA waliochunguza matairi ya ndege walitoa kanuni ya mwendo ambao hali hiyo hutokea. Ikiandikwa kwa vipimo vya metriki, mwendo huo (kilomita kwa saa) hukaribia 6.35 mara kipeuo cha pili cha mgandamizo wa hewa ya tairi (kilopaskali). Tairi lenye kilopaskali 220 laweza kuelea kwenye kilomita 94 kwa saa. Upepo ukipungua hadi 160, kilomita 80 zatosha.

Kwenye theluji mambo ni tofauti kidogo. Huko kashata hukatwa mikato myembamba mingi ili kingo zake zing'ate, na theluji inayojaa katika mifereji huishikilia theluji iliyo chini yake. Kadiri kashata zinavyolika, kingo na mifereji hupungua. Hivyo dereva wa tatu alikuwa akieleza ulikaji wa tairi lake.

Hesabu ya kusimama

Mwanafunzi wa fizikia aweza kupima uzito wa jambo hili kwa kanuni ya d = v²/2μg, ambapo v ni mwendo, μ ni kizigeu cha msuguano, na g ni 9.8. Muda ambao dereva hutumia kutambua hatari hauhesabiwi hapa.

Gari liendalo kilomita 100 kwa saa, yaani mita 27.8 kwa sekunde, kwenye lami kavu yenye μ ya 0.8, husimama baada ya mita 49. Kwenye lami yenye maji, ikiwa μ ni 0.5, huhitaji mita 79. Mahali pale ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama, gari la pili lingali linakwenda kilomita 61 kwa saa. Mtoto aliyesimama hapo angenusurika mbele ya gari la kwanza. Mbele ya la pili angegongwa. Kwenye theluji yenye μ ya 0.2, gari liendalo kilomita 50 tu kwa saa huhitaji mita 49 zile zile, kwa kuwa msuguano umekuwa robo.

Kupima ushahidi

Dereva aliyevua matairi vipara na kuvika mapya karibu kila mara huyasifu, kwa maana analinganisha upya na uchakavu. Ili ushahidi wake uwe na thamani ya kisayansi, lazima utaje mambo manne: joto, kina cha kashata, upepo wa tairi, na hali ya barabara.

Alama za ubavuni nazo zasomwe kwa makini. M+S, yaani matope na theluji, hueleza sura ya kashata tu. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji, iliyoanzishwa mwaka 1999, huonyesha kuwa tairi limefaulu jaribio kwenye theluji. Jimbo la Quebec nchini Kanada, ambalo tangu mwaka 2008 hulazimisha matairi ya baridi, halikubali tena M+S peke yake.

Katika Afrika ya Mashariki theluji haipo barabarani, lakini somo lipo. Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani hufika yakiwa na matairi ya theluji. Kashata zake nene humvutia mnunuzi, ilhali mpira wake haukuundwa kwa lami yenye joto ya Dar es Salaam au Mombasa. Na wakati wa masika, kina cha kashata na upepo wa kutosha ni muhimu kuliko jina la tairi.

Jaribio kwa wanafunzi

Gundisha kipande cha mpira wa tairi kuukuu chini ya ubao mdogo, weka juu yake uzito wa kilo 1, kisha uuvute kwa mizani ya springi juu ya sakafu ya saruji: kwanza ikiwa kavu, halafu ikiwa na maji, na mwisho ikiwa na maji yenye sabuni. Andika kani katika kila hali na ukokotoe μ, ukikumbuka kuujumlisha uzito wa ubao. Kisha tafuta umbali wa kusimama wa gari liendalo kilomita 80 kwa saa katika kila hali. Mwisho, pima kwa rula kina cha kashata za magari matano yaliyo karibu na shule, na ueleze ni lipi usingependa kulipanda siku ya mvua, na kwa sababu gani.