Diski Moja kwa Ofisi Nzima: Kutunza na Kutumia kwa Pamoja Kumbukumbu za Parokia



Somo letu la robo hii linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini limeziletea aibu kamati nyingi: faili za ofisi ziko wapi, nani anazifikia, na ipi kati ya nakala nyingi ndiyo sahihi.

Nianze na yaliyonipata mimi mwenyewe. Katika ofisi moja niliyohudumu tulikuwa na kompyuta tatu na flashi kadhaa zilizozunguka mikononi. Wakati wa kupeleka taarifa ya mradi wa kisima, mhasibu alikuwa amekwisha kusahihisha hesabu kwenye kompyuta yake. Katibu, bila kujua, alichukua faili ya zamani iliyokuwa kwenye flashi na kuituma. Stakabadhi za mabomba hazikulingana na jumla iliyoandikwa. Mfadhili aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza. Hakuna aliyeiba hata senti, lakini tulitumia wiki kadhaa kujieleza, na awamu ya pili ya fedha ikasubiri. Akina mama wa kigango kile waliendelea kuchota maji mtoni muda wote huo kwa sababu ya faili mbili zenye jina moja.

Tungekuwa na mahali pamoja pa kutunzia faili, jambo hilo lisingetokea. Nyumba au ofisi ndogo haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Diski ya nje moja, ambayo wengi wetu tunayo tayari, inaweza kutumiwa na kompyuta zote kupitia mtandao wa ndani.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili kamati iweze: (1) kueleza maana ya kutumia diski kwa pamoja, (2) kuchagua njia inayoifaa ofisi yake, (3) kuamua nani aone nini, na (4) kuweka utaratibu wa nakala za akiba.

1. MTANDAO WA NDANI SI INTANETI

Wengi huchanganya mambo haya mawili. Ruta iliyoko ofisini hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuunganisha kompyuta za ofisi zenyewe kwa zenyewe, kwa waya au kwa Wi-Fi. Ya pili ni kuzipeleka kompyuta hizo kwenye intaneti. Diski ya pamoja hutumia kazi ile ya kwanza tu. Kwa hiyo hata kifurushi kikiisha, au laini ya intaneti ikikatika, faili zinaendelea kupatikana ofisini, na kuzifungua hakugharimu kifurushi. Kinachohitajika ni umeme na ruta iliyowashwa.

2. NJIA MBILI ZA KUCHAGUA

Njia ya kwanza: kuchomeka diski kwenye ruta. Baadhi ya ruta zina tundu la USB kwa kazi hii. Uzuri wake ni kwamba hakuna kompyuta inayolazimika kuwa imewashwa siku nzima. Ukifungua ukurasa wa ruta kwa kivinjari (anwani yake huandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1), utaona sehemu ya USB au ya hifadhi. Weka hapo jina la mtumiaji na nenosiri. Hakikisha pia kwamba nafasi ya kuifikia diski kutoka nje, kupitia intaneti, imezimwa.

Tahadhari: ruta nyingi za zamani zinajua lugha moja tu ya kugawa faili, iitwayo SMB toleo la 1. Tangu mwishoni mwa 2017, Windows mpya huja bila lugha hiyo kuwashwa, na kuna sababu nzito. Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilipitia udhaifu wa toleo hilo, vikafunga faili za ofisi katika nchi nyingi, zikiwemo hospitali za Uingereza, na kudai fedha ili kuzifungua. Fundi akikuambia, "Tuwashe tu SMB 1, itafanya kazi," mkatalie kwa upole. Tumia njia ya pili.

Njia ya pili: kuchomeka diski kwenye kompyuta moja ya ofisi, nayo kompyuta hiyo igawe folda kwa nyingine. Haihitaji kununua kitu, na inaruhusu kupanga vizuri nani aone nini. Kasoro yake ni kwamba kompyuta hiyo ikizimwa, wengine wote hukosa faili. Kwa ofisi nyingi za parokia tunashauri njia hii, na ndiyo tutakayoieleza.

3. KUANDAA DISKI

Kwanza, angalia diski imepangwa kwa mfumo gani. FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayofikia GB 4, kwa hiyo video ndefu ya mradi itakataliwa. exFAT inabeba faili kubwa na inasomeka kwenye Windows na Mac, lakini haiweki ruhusa za mtu mmoja mmoja ndani ya diski. NTFS inaweka ruhusa hizo, na kwa ofisi ya Windows ndiyo inayofaa. Kumbuka: kubadilisha mfumo kwa kuipanga diski upya hufuta kila kitu kilichomo. Hamisha faili kwanza, kisha hakikisha zinafunguka huko ulikozihamishia.

Pili, ipe diski herufi ya kudumu, kwa mfano P, kupitia "Disk Management". Usipofanya hivyo, siku mtu akitangulia kuchomeka flashi, diski inaweza kupewa herufi nyingine, na folda zote za pamoja zitaonekana kana kwamba zimepotea.

Tatu, tengeneza folda chache zinazoeleweka: Hesabu, Miradi, Rejista, Picha. Folda thelathini zisizoeleweka ni sawa na kabati lisilopangwa.

4. KUGAWA FOLDA, HATUA KWA HATUA

(a) Kwenye kompyuta yenye diski, mfungulie kila mtumishi akaunti yake yenye nenosiri lake. Msitumie jina moja kwa wote.

(b) Hakikisha mtandao wa ofisi umewekwa kuwa "Private", na ugawaji wa faili umewashwa. Usigawe faili kwenye mtandao wa wageni.

(c) Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Sharing", kisha "Advanced Sharing". Weka alama ya kugawa folda hiyo.

(d) Bonyeza "Permissions". Ondoa "Everyone", ongeza majina ya wanaohusika tu. "Read" ni kusoma peke yake. "Change" ni kusoma na kubadilisha.

(e) Kama diski ni ya NTFS, angalia pia sehemu ya "Security" ya folda hiyo. Ruhusa za sehemu zote mbili hutumika kwa pamoja, na iliyo finyu zaidi ndiyo inayoshinda. Mtu aliyeruhusiwa kubadilisha upande mmoja na kusoma tu upande wa pili, ataishia kusoma tu.

(f) Kwenye kompyuta nyingine, fungua dirisha la faili na andika juu yake alama mbili za mkwaju wa nyuma, jina la kompyuta yenye diski, mkwaju mmoja, na jina la folda. Mfano: \\OFISI\Hesabu. Weka jina na nenosiri ulilopewa.

(g) Zuia kompyuta yenye diski isilale yenyewe wakati wa saa za kazi.

Sasa mhasibu akifungua faili ya bajeti, katibu akijaribu kuifungua hiyo hiyo ataambiwa kwamba inatumika, naye ataweza kuisoma tu. Watu wawili hawawezi tena kuandika hesabu mbili bila kujua.

Kuhusu kasi: waya wa kawaida wa megabiti 100 kwa sekunde hupitisha kama MB 12 kila sekunde, yaani faili ya GB 1 huchukua karibu dakika moja na nusu. Wi-Fi dhaifu huchukua muda mrefu zaidi. Kwa nyaraka na hesabu hutaona tofauti. Kwa video, tumia waya.

5. NANI AONE NINI?

Hili si swali la fundi, ni swali la kamati. Fundi ataweka ruhusa, lakini ninyi ndio mtakaoamua. Orodha ya wajane wanaopata msaada, taarifa za wagonjwa, na malipo ya karo za watoto si za kila macho. Picha za uzinduzi wa mradi zinaweza kuonwa na wote.

Aidha, sheria imezungumza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sheria hizi zinahesabu habari za imani na afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Rejista ya parokia imejaa habari za namna hiyo.

Tunashauri kanuni tatu. Mtu apewe ruhusa inayolingana na kazi yake, isizidi. Mtumishi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, hata kama ameondoka kwa amani. Nenosiri kuu liandikwe, litiwe kwenye bahasha iliyofungwa, na lihifadhiwe kwenye sefu, ili ofisi isisimame kwa sababu mtu mmoja amefariki au amehama.

6. DISKI YA PAMOJA SI NAKALA YA AKIBA

Hapa ndipo wengi hukosea. Kama faili zote ziko kwenye diski moja, diski hiyo ikianguka sakafuni, kila kitu kimekwenda. Virusi vinavyofunga faili vikiingia kwenye kompyuta ya mtumishi yeyote mwenye ruhusa ya kubadilisha, vinaweza kuzifunga na faili za diski ya pamoja.

Kanuni inayojulikana duniani ni 3-2-1: nakala tatu za kila faili muhimu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Kwa parokia inaweza kuwa hivi: nakala ya kwanza kwenye diski ya pamoja, ya pili kwenye kompyuta ya mhasibu, ya tatu kwenye diski nyingine inayochomekwa kila Ijumaa, kunakili, kisha kuchomolewa na kupelekwa jengo jingine. Diski iliyochomolewa haifikiwi na virusi wala radi.

Kila robo mwaka, chagueni faili moja kutoka nakala ya akiba na mjaribu kuifungua. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haiaminiki.

Mwisho, umeme. Kukatika ghafla wakati diski inaandika kunaweza kuharibu faili. UPS ndogo kwa kompyuta yenye diski na kwa ruta huwapa watumishi dakika chache za kufunga kazi na kuzima kwa utaratibu. Na kabla ya kuchomoa diski, ulizeni kwanza kama kuna mtu anaitumia, kisha iondoeni kwa kufuata utaratibu wa kompyuta.

NENO KWA WAFADHILI

Ndugu wafadhili, bajeti nyingi za miradi zina fungu la kompyuta, lakini si la diski ya akiba wala UPS. Tunawaomba mliulizie fungu hilo mnapopitia maombi. Ni fedha kidogo ukilinganisha na gharama ya kupoteza stakabadhi za mwaka mzima.

MASWALI KWA AJILI YA KAMATI

1. Leo hii, faili ya bajeti ya mradi wetu iko mahali pangapi? Ipi ndiyo sahihi?
2. Kompyuta ya mhasibu ikiibwa usiku huu, tutapoteza nini?
3. Ni folda zipi zisomwe na wote, na zipi na wachache? Nani ameamua?
4. Nakala ya akiba ya mwisho ilifanywa tarehe gani, na nani aliifungua kuijaribu?
5. Nani anajua nenosiri kuu, na asipokuwepo itakuwaje?

Andikeni majibu kwenye muhtasari wa kikao, mpangie kila kazi mtu na tarehe. Kikao kijacho mwanze na muhtasari huo.