Tarakilishi Kuukuu ya Nyumbani Kwetu

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Kwetu Takawiri nusura dhahabu hiyo ipimwe kwa kilo.

Baba aliinunua tarakilishi ile Kisumu ikiwa tayari imetumika, ikaletwa kisiwani kwa motaboti ndani ya gunia. Kiwambo chake kilikuwa na kisogo kikubwa kama televisheni za zamani. Nikiwa na miaka mitano alinipakata jioni, jenereta ikinguruma nje, nami nikibonyeza herufi ovyo ovyo. Baba alifariki mwaka 2019, tarakilishi ikaingia chini ya kitanda.

Mwaka jana mnunuzi wa vyuma vikuukuu alifika, na mama akakubali kuiuza. Nikamwambia, "Mama, wacha kwanza. Na hizi diski tutazisoma na nini?"

Hapo ndipo penye somo. Diski tepetevu ni duara la plastiki lililopakwa unga wa sumaku. Hubeba megabaiti 1.44 tu, picha moja ya simu ya leo huenda isitoshee. Kampuni ya Sony, iliyobuni ile ya inchi 3.5, iliacha kuziuza kwao Japani mwaka 2011. Simu haina mdomo wa kuimeza diski, kwa hivyo ukitupa mashine umetupa na maandishi.

Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua kasha. Lo! Feni ilijaa sami, wale wadudu wa ziwani, wamekauka kama majani chai. Niliwatoa kwa brashi ya rangi. Betri ya duara, CR2032 ya volti 3, ilikuwa imekufa. Hiyo ndiyo hutunza saa na tarehe mashine ikizimwa. Nikapata nyingine Mbita. Lakini kiwambo usikifungue kamwe! Umeme mkali hubaki ndani hata kikiwa kimechomolewa.

Diski zilikuwa tisa. Saba zilikataa, nadhani kwa unyevu. Moja ilikuwa tupu. Ya mwisho ilikuwa na hesabu ya omena ya 2015: mashua, kilo, madeni. Chini kabisa palikuwa na mstari wa herufi zisizo na maana, na baba ameandika kando jina langu na tarehe.

Mama alisema, "Soma tena hapo."

Sasa natafuta kibodi ya zamani, maana herufi M ya hii haibonyeki. Mwenye nayo aniletee Kidato cha Tatu.