SOMO LA KIINGEREZA: MANENO MAREFU YA DAKTARI



Wengi wetu hapa Kagugu tulisoma kwa Kifaransa, kabla ya serikali ya Rwanda kuamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Sasa karatasi ya daktari huja kwa Kiingereza, nasi twabaki kukisia.

Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alirudi kutoka kupimwa akisema ana presha ya kushuka. Akaongeza chumvi chakulani wiki mbili nzima. Tulipoisoma karatasi yake, iliandikwa hypertension, yaani presha ya kupanda, na chumvi ndiyo adui yake!

Si ujinga. Tulikate neno lenyewe: hai-pa-TEN-shen. Presha ya kushuka ni hypotension: hai-po-TEN-shen. Kiingereza hutia mkazo kwenye TEN katika yote mawili, na ile silabi yenye maana huipita mbio. Hyper ni juu, hypo ni chini. Basi usione haya kumwuliza daktari: "Ya kupanda au ya kushuka?"

Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ma-la-RI-a. Kifaransa huweka nguvu mwishoni. Kiingereza hutazama neno limeishiaje. Likiishia na -ia, mkazo hutangulia kiishio hicho: ma-LE-ria, nyu-MO-nia. (Herufi p ya pneumonia haitamkwi, iacheni ilale.) Likiishia na -itis, mkazo huwa kwenye hiyo i ya kwanza, nayo husomwa "ai". Dermatitis, maradhi ya ngozi yanayowapata sana washika saruji, ni de-ma-TAI-tis. Likiishia na -osis, kazeni o: si-li-KO-sis, ugonjwa wa mapafu wa wavunja mawe.

Neno refu likateni kuanzia nyuma. Pneumoconiosis latisha, lakini lina silabi sita tu: nyu-mo-ko-ni-O-sis. Pneumo ni mapafu, coni ni vumbi. Ndilo jina la jumla la maradhi ya mapafu yaletwayo na vumbi, na silicosis imo humo. Mlijue vizuri, maana likiwa kwenye cheti laweza kuwa ushahidi kwamba maradhi yametoka kazini, na anayedai fidia asiyeweza kulisoma hajui ameshika nini mkononi.

Zoezi: Kateni silabi na kuonyesha mkazo: bronchitis, tuberculosis, anaemia. Lile la pili lina silabi tano.