Kwa Nini Baridi Haikuokoa Miti
(Somo la Elimu ya Viumbe)

Muhula uliopita, tulipokuwa tukizungumza habari za nchi zenye theluji, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama huko maji ya ziwa hugeuka kuwa magumu kama jiwe, bila shaka wadudu waharibifu hufa wote kila mwaka. Basi je, watu wa huko hawana raha kuliko sisi?"

Darasa zima lilicheka, lakini swali lile si la kuchekwa. Watu wazima wa Marekani na Kanada wameliuliza mara nyingi tangu mwaka 2002, nao walikuwa na sababu nzito, maana miti ya mitaani kwao ilikuwa ikifa. Nimeona vema kulijibu hapa, ili na wazazi wasome pamoja nasi.

Mti wenyewe

Mti tunaousema huitwa eshi, na wataalamu huuita Fraxinus. Si mti wa kwetu. Ni mti mrefu wenye kivuli kizuri, na mbao zake ni ngumu lakini hupindika kidogo bila kuvunjika. Kwa hiyo watu wa Marekani walizitumia kwa mipini ya zana na kwa magongo ya mchezo wa besiboli. Wenyeji wa asili wa nchi zile huchukua eshi nyeusi, huipondaponda gogo lake mpaka likaachana tabaka kwa tabaka, kisha husuka vikapu kwa vipande vile. Kwao mti ule si kuni tu. Ni kazi ya mikono iliyorithiwa kwa mababu.

Jambo la kufahamu ni jinsi eshi ilivyojaa mijini. Zamani mitaa mingi ya Marekani ilipandwa miti ya elmu. (Msiichanganye na elimu, ingawa nayo yatupa somo!) Mwaka 1930 ulionekana huko ugonjwa wa kuvu unaochukuliwa na mbawakawa wadogo, nao ukaua elmu kwa mamilioni. Watu wakaing'oa miti iliyokufa, na katika miji mingi wakapanda eshi mahali pake, safu kwa safu. Walibadili mti, lakini hawakubadili desturi ya kupanda mti wa aina moja mtaa mzima.

Mdudu mwenyewe

Mwaka 2002 wataalamu walimtambua mbawakawa mgeni karibu na mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan, na mwaka huo huo akaonekana Windsor, ng'ambo ya mto, upande wa Kanada. Ni mdudu mzuri wa kutazama: rangi yake ni kijani king'aacho kama kito, na urefu wake haufiki sentimita moja na nusu. Kwao hasa ni Asia ya Mashariki, na yadhaniwa kwamba alisafiri ndani ya mbao za kufungia shehena. Walipochunguza pete za miti iliyokufa, wataalamu waligundua kuwa alikuwa amekwisha kuanza kazi yake katika miaka ya 1990, kabla mtu ye yote hajamwona.

Mbawakawa mzima hula majani kidogo tu, na madhara yake si makubwa. Mharibifu ni buu. Jike hutaga mayai katika nyufa za gome wakati wa joto. Mabuu yakianguliwa hutoboa gome na kula tabaka laini lililo chini yake, yakichora njia za kupindapinda kama nyoka. Mtakumbuka katika somo la mimea kwamba mahali hapo ndipo ilipo mirija inayochukua chakula kutoka majanini kwenda mizizini. Mabuu yakiwa mengi, njia zao huuzunguka mti kama pingu. Mizizi hukosa chakula, matawi ya juu hukauka, na katika miaka michache mti mkubwa hufa. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ya mti ni gome lake.

Na baridi je?

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi wetu. Ndugu zetu wa Njombe na wa Kinangop waijua sakitu, iunguzayo majani ya viazi kwa usiku mmoja. Maji yaliyo ndani ya mmea hugeuka barafu na kuchana vyumba vidogo vya uhai. Kwa nini basi buu lisife vivyo hivyo?

Kabla majira ya baridi hayajafika, buu huacha kula, hujichimbia chumba chini ya gome na kujikunja humo. Kisha mwili wake hutengeneza gliserini kwa wingi. Ndiyo gliserini ile ile tunayopaka midomoni wakati wa kipupwe. Gliserini ikichanganyika na maji ya mwili, maji yale hayagandi upesi. Maji ya kawaida huganda kwenye digrii sifuri ya Sentigredi, lakini buu lililojiandaa laweza kustahimili hadi karibu digrii 30 chini ya sifuri.

Watafiti katika jimbo la Minnesota walipima jambo hili. Waliona kwamba baridi ikifika digrii 23 chini ya sifuri, yapata theluthi moja ya mabuu hufa. Ikifika 29, hufa kama manane katika kila kumi. Ikifika 34, hufa karibu yote. Basi mwezi wa Januari 2019 baridi kali mno iliposhuka, na mji wa Chicago ukafika digrii 31 chini ya sifuri, watu wengi walitumaini kwamba adui amekwisha.

Hakuwa amekwisha, na sababu zake ni tatu. Kwanza, baridi ya hewani si baridi ya ndani ya gome. Gome ni blanketi, na sehemu ya shina iliyofukiwa na theluji hupata blanketi la pili. Pili, baridi ya namna hiyo ni nadra katika miji mingi ambako eshi zilipandwa, na majira ya baridi ya nchi zile yamekuwa yakipungua ukali.

Sababu ya tatu ni ya hesabu. Tuseme mti una mabuu 1,000, na baridi yaua 800. Yamebaki 200. Tuseme nusu ni majike, yaani 100, na kila jike lataga mayai 50. Hayo ni mayai 5,000. Hata kama manne katika kila matano yataharibika, mwaka unaofuata mti utakuwa tena na mabuu 1,000. Baridi ile imempunguza adui kwa msimu mmoja tu.

Hata hivyo majira ya baridi yana msaada wake. Ndege kigong'ota hubandua gome akitafuta mabuu, na mahali alipobandua huonekana peupe kwa mbali. Hapo wenye mti hujua una mgonjwa ndani. Tena wakati huo mbawakawa hawaruki, kwa hiyo ni wakati mwema wa kukata miti iliyoathirika. Lakini upo na ubaya. Eshi iliyokufa hukauka upesi na kuwa dhaifu. Barafu ikilemea matawi na upepo ukivuma, huangukia nyumba na nyaya za umeme.

Hasara na dawa

Mdudu huyu ameua eshi kwa mamilioni mengi, na amekwisha kuenea katika majimbo zaidi ya 35 ya Marekani. Mwaka 2022 alionekana Oregon, karibu na pwani ya magharibi. Je, aliruka mwenyewe umbali huo wote? La. Mara nyingi husafirishwa na watu wanaochukua kuni kutoka mahali hata mahali bila kujua.

Watu waliona kwamba hasara si ya kivuli tu. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti uliolinganisha vifo vya watu katika majimbo 15. Mahali mdudu alipoingia, vifo vya magonjwa ya moyo na ya mapafu vilionekana kuwa vingi kuliko vilivyotazamiwa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba kukosa miti ndiko kulikoua, bali watosha kutufanya tuutazame mti wa barabarani kwa heshima.

Dawa ipo. Mti mmoja mmoja waweza kudungwa dawa shinani kila baada ya miaka miwili au mitatu, lakini ni gharama, na haiwezekani kudunga msitu mzima. Tangu mwaka 2007 wamefunguliwa nyigu wadogo sana kutoka Asia, ambao hutaga mayai yao ndani ya mabuu au mayai ya mbawakawa huyo na kuyaua.

Yatuhusu nini?

Wazazi wetu wa nyanda za juu watakumbuka ua wa saipresi ulivyokauka. Kidukari wa saipresi, mfyonza utomvu, alionekana Malawi mwaka 1986, akafika Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990. Ua zilizopandwa kwa miaka mingi zikawa nyekundu kama zilizopitiwa na moto. Huko nako nyigu mdogo aliletwa kusaidia. Mambo yale yale: mgeni asiyeonekana, na mti wa aina moja uliopandwa kila mahali.

Basi jibu la swali ni hili: tusitumaini hali ya hewa itufanyie kazi yetu. Wenye baridi hawakuokolewa na baridi, nasi wenye jua hatutaokolewa na jua. Linalookoa ni kupanda miti ya aina mbalimbali, kuitazama kila mara, kutohamisha kuni na miche ovyo, na kutoa habari mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa miti huchukua miaka hamsini kusimama.

Jaribio: Chukua vikombe viwili vya maji. Katika kimoja koroga vijiko vitano vya chumvi. Weka vyote viwili ndani ya jokofu la kugandishia, uvitazame kila saa. Kipi chaganda kwanza? Eleza kwa kulinganisha na buu.

Maswali

1. Kwa nini mti hufa ikiwa njia za mabuu zimelizunguka shina lote?
2. Taja sababu tatu zilizofanya baridi ya mwaka 2019 isimmalize mdudu.
3. Rudia hesabu ya mabuu 1,000, safari hii baridi ikiua 980. Je, mayai mangapi yatatagwa?
4. Hesabu miti yote ya kiwanja cha shule yetu, uipange kwa aina. Aina moja ikifa yote, tutabakiwa na kivuli kiasi gani?
5. Waulize wazazi nyumbani: ni mti gani uliokuwa mwingi utotoni mwao na sasa haupo? Andika majibu yao, ulete darasani.