Gari Linalokohoa: Namna ya Kuitafuta Kasoro ya Injini ya Kabureta

Chini ya Milima ya Nguru, katika Turiani na vijiji vya jirani, bado zaonekana pikapu za zamani zenye injini ya petroli na kabureta: Land Rover, Datsun, Toyota na Peugeot. Kazi yao si ndogo. Hushusha ndizi kutoka milimani, huchukua mpunga wa Mkindo, hupeleka mbolea shambani, na usiku, ikiwa hapana gari jingine, humpeleka mgonjwa hospitali. Gari la namna hii likianza kukohoa na kutetemeka, mwenyewe huingiwa na hofu, na kwa hofu hiyo hushawishika kununua kabureta nyingine. Faida ya magunia kadhaa ya mpunga huishia hapo, na gari huendelea kukohoa vilevile, kwa maana kasoro haikuwa katika kabureta hata kidogo.

Somo hili lataka kumwonyesha mkulima utaratibu wa kuitafuta kasoro mwenyewe, au walau kumsimamia fundi kwa akili. Vifaa vinavyohitajiwa ni vichache: spana ya plagi, bisibisi, koleo, kitambaa kikavu, kipande cha msasa laini, na fila, yaani vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi.

Injini yataka mambo matatu tu: petroli iliyochanganywa na hewa kwa kipimo, cheche yenye nguvu inayokuja kwa wakati wake, na silinda isiyovujisha mgandamizo. Kipimo cha mchanganyiko ni karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Kabureta yahusika na jambo moja tu katika hayo, nayo ndiyo hulaumiwa kwa yote matatu.

Kabla ya kufungua kitu chochote, lichunguze gari lenyewe. Gari linalotetemeka likisimama lakini likatulia likikimbia, aghalabu huvuta hewa mahali pasipostahili, au ile njia ndogo ya petroli ya mwendo wa kusimama, ambao mafundi huuita sailensa, imeziba. Gari linalosimama vema lakini likaishiwa nguvu mlimani halipati petroli ya kutosha, au cheche yake ni dhaifu. Gari linalokohoa asubuhi ya masika na kupona jua likipanda lina unyevu katika waya zake. Na lile linalokwenda vizuri kilomita chache, likazimika, kisha likawaka tena baada ya kupumzika, fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio, kitundu cha kupumulia kimeziba, na dawa yake ni kukizibua tu.

Sasa tafuta kama silinda zote zinafanya kazi. Washa injini ipate moto, iache izunguke polepole, kisha chomoa waya wa plagi mmoja mmoja, ukiushika kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa au kwa koleo lenye mpini wa mpira, kwa sababu umeme huo ni wa volti maelfu na hupiga. Injini ikibadili sauti na kupunguza mwendo, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Rudisha waya upesi. Isipobadili kitu, umempata mvivu. Maadamu ni mmoja tu, usiiguse kabureta, kwa kuwa kabureta moja hulisha silinda zote nne, na ni nadra iwe sababu ya ubovu wa moja peke yake. Badilishana plagi ya silinda hiyo na ya jirani. Ubovu ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, badilisha waya wake. Usipohama tena, fikiria valvu. Jaribio hili halimgharimu mtu hata senti moja, na ni ajabu jinsi wengi wanavyoliruka.

Plagi zikiwa mkononi, zisome. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au ya kijivu yaonyesha uzima. Masizi meusi makavu ni dalili kwamba petroli imezidi hewa: tazama kama choki imekwama ikiwa imefunga, kisha tazama chujio la hewa. Barabara ya kutoka Magole sasa ina lami, lakini njia za kuingia mashambani bado ni za vumbi, hasa wakati wa kusomba miwa ya kiwanda cha Mtibwa, na vumbi hilo huliziba chujio mapema kuliko mtu anavyodhani. Chujio la karatasi lipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Lile la oili lioshwe na kutiwa oili mpya. Ncha ikiwa nyeusi na yenye utelezi wa oili, pete za pistoni au valvu zimechakaa, na kabureta haina hatia. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi. Nafasi ya plagi katika injini hizi huwa kati ya milimita 0.6 na 0.8; kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Fungua kofia ya distribyuta, ipanguse, na uitazame kwenye mwanga. Mstari mwembamba mweusi kama unywele ni ufa ambamo umeme hupotea. Platini zenye mashimo zisuguliwe kwa msasa laini, kisha nafasi yake ipimwe wakati zimefunguka kabisa: milimita 0.4 hadi 0.5 kwa magari mengi. Zikiungua tena baada ya siku chache, kondensa ndiyo mbovu. Nafasi ya platini ikibadilika, wakati wa cheche nao hubadilika, hivyo ukaguliwe.

Petroli nayo yahitaji macho. Ile inayonunuliwa kwa chupa au dumu huenda ikawa na maji, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutulia chini ya tangi na katika bakuli la kabureta. Chota kidogo katika chupa safi ya kioo, uiache itulie: maji yatajitenga chini. Kuchanganya mafuta ya taa ni hila ya siku nyingi. Ndiyo maana EWURA ilianza kutia alama katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Dondosha tone katika karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi. Mafuta ya taa huacha doa.

Ikiwa yote hayo ni salama, ndipo ufungue kabureta. Fanya kazi hiyo nje, betri ikiwa imetenganishwa, pasiwe na sigara wala kibatari. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kuufuata moto mbali. Safisha bakuli. Litikise boya sikioni: likisikika majimaji ndani, limetoboka, na ndilo linaloifurikisha kabureta. Jeti zipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Usizipitishe waya kamwe, kwa maana shaba yake ni laini, na tundu likipanuka kidogo tu, gari litakunywa petroli kupita kiasi hadi jeti ibadilishwe.

Ukiisha kuirudisha na kuwasha injini, dondosha oili nzito kidogokidogo kuzunguka gasketi ya kabureta na ya manifoldi. Sauti ikibadilika, hapo ndipo hewa inapoingia. Itazame pia mipira midogo ya hewa, pamoja na ule wa breki kama gari linao. Skrubu ya mchanganyiko iwe ya mwisho kuguswa, injini ikiwa na moto: hesabu mizunguko unapoikaza kwa upole hadi mwisho, uandike idadi, ili uweze kurudi ulipoanza. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu, na kutoka hapo itafutie mahali ambapo injini hutulia.

Kuhusu valvu, neno moja. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Risasi hiyo ilikuwa sumu kwa watu, hasa watoto, lakini ilivikinga viti vya valvu katika injini za kale. Basi ukirekebisha nafasi ya valvu ya ekzosi na baada ya muda mfupi ikajifunga tena, valvu inazama katika kiti chake. Kazi hiyo ni ya karakana: hutiwa viti vigumu.

Kazi ikiisha, pakia mzigo wa kawaida, lipandishe gari kilima kirefu kilicho karibu, ulizime pale pale juu bila kuliacha lizunguke polepole. Injini ikipoa kiasi cha kushikika, fungua plagi moja na uitazame rangi yake.