Akirudi Kijijini, Nani Atampokea?

Somo la kujadiliana katika kikundi

Tuanze na kisa. Si cha mtu mmoja, bali wengi wetu hapa Matuga tutakitambua.

Kijana amerudi nyumbani kutoka kwenye matibabu. Amenenepa kidogo, anasalimia watu. Siku ya kazi ya kikundi anakuja shambani, anasimama pembeni akingoja kupewa jembe. Mama mmoja anauvuta mkoba wake karibu. Mwingine anasema kwa sauti, "Teja ni teja tu." Kijana anageuka, anaondoka. Jioni ile anapita maskani, na huko wanamwita kwa jina lake na kumpisha kwenye benchi.

Hebu tusikimbilie kuwalaumu kina mama hao. Huenda sufuria zao ndizo zilizouzwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini tujiulize: kama maskani wanampisha na sisi hatumpishi, ataketi wapi?

Matibabu ni nusu ya safari

Pwani yetu ina ulevi wa aina nyingi. Uko wa mnazi na wa pombe kali, na uko wa heroini, ambayo vijana huiita unga. Mtu aliyezoea unga akiukosa hushikwa na arosto: mwili unauma, anatapika, anaharisha, hapati usingizi. Hiyo si tabia mbaya tu. Ni ugonjwa, na una dawa.

Dawa mojawapo ni methadoni. Malindi walianza kuitoa mwaka 2015, na baadaye huduma hiyo ikafika Kombani, hapa hapa Matuga. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Inatuliza arosto ili aweze kula, kulala na kufanya kazi. Wengine husema, "Amebadilisha ulevi kwa ulevi." Sivyo. Asiyejidunga sindano ameepuka hatari kubwa ya ukimwi na homa ya ini, na asiyehangaika kutafuta unga ana nafasi ya kushika jembe. Asilazimishwe kuiacha ghafla kwa sababu ya maneno ya watu.

Lakini mhudumu wa kliniki humwona kwa dakika chache. Saa zilizobaki ni zetu.

Wenzetu wa nchi ya barafu

Kaskazini kabisa mwa Kanada wanaishi Wainuit, watu wa kuwinda na kuvua samaki kwenye barafu. Serikali na wamishenari waliwapeleka watoto wao shule za bweni, na wengi wakakatazwa kusema lugha ya mama. Uchungu ule ulirithiwa, na pombe ikapata mlango. Kwa muda mrefu mgonjwa alipelekwa mbali kusini, akatibiwa kwa lugha ya kigeni. Akirudi, alikuta mambo ni yale yale.

Mwaka 1994 watu wa mji wa Kuujjuaq walianzisha kituo chao, kiitwacho Isuarsivik. Humo lugha yao, chakula chao na kazi za mikono za wazee wao ni sehemu ya tiba. Mwaka 2023 walihamia jengo kubwa zaidi, ambamo mgonjwa anaweza kuja pamoja na familia yake. Wamejifunza kwamba ulevi huumiza nyumba nzima, basi nyumba nzima ndiyo ya kutibiwa.

Sisi hatuna barafu. Je, tuna nini?

Tunacho kilicho chetu

Kwa Wadigo, mjomba alikuwa na sauti kubwa kwa mwana wa dada yake. Kijana asiyesikia baba husikia mjomba. Tuna wazee wa kaya, maimamu na wachungaji, na watu huwaheshimu. Tuna kazi za pamoja na ngoma zetu, na mtu huwa mtu anapokuwa na kazi na wenzake.

Lakini mila nazo zataka macho. Mnazi una mahali pake katika mahari na tambiko, na kuna atakayesema, "Kibuyu kimoja tu, ni desturi." Kwa anayeacha pombe, kibuyu kimoja ni njia ya kurudi mangweni. Wala tusimpe kazi ya ugema kwa kuwa ni hodari wa kupanda mnazi! Aangue nazi, asuke makuti, avue, alime muhogo.

Kikundi kifanye nini?

1. Mchagueni mtu mmoja wa kumpokea: mjomba, shangazi, au aliyewahi kuacha mwenyewe. Kule Zanzibar nyumba nyingi za kuwasaidia walioacha huendeshwa na watu waliopitia njia hiyo hiyo.

2. Mpeni kazi siku ya kwanza, ila msimpe sanduku la pesa. Kumwamini kutakuja polepole. Mwambieni hivyo waziwazi, kwa heshima.

3. Aliyeibiwa asikilizwe. Mkae na mzee, deni litajwe, lilipwe kidogo kidogo hata kwa kazi.

4. Nauli ya kila siku kwenda kliniki ni mzigo. Kikundi kinaweza kutenga kiasi fulani. Ulizeni kwanza kwa mhudumu wa afya wa kijiji kuhusu siku na masharti.

5. Msimfunge kamba wala kumfungia chumbani ili "aache." Mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata kifafa na kufa. Apelekwe hospitali.

6. Akiteleza, msimfukuze. Aliyekaa miezi bila unga, mwili umeusahau. Akirudia kipimo cha zamani unaweza kumuua. Hapo ndipo anatuhitaji zaidi.

Maswali ya kujadiliana

Je, katika kijiji chetu anayerudi huitwa kwa jina gani? Nani kati yetu ameumizwa, na amewahi kusikilizwa? Ni kazi gani tunaweza kumpa Jumatatu ijayo?

Mkono mmoja haulei mwana. Swali hilo la mwisho msilijibu kwa maneno tu. Kabla ya kufunga mkutano, andikeni jina la mtu mmoja na kazi atakayopewa, na jembe lake liwe tayari shambani.