Dondoo Muhimu: Kudai Dhamana ya Diski Ngumu Iliyokufa

Diski ngumu ya kompyuta inapoanza kutoa mlio wa kugongagonga, jambo la awali si kukimbilia dukani, bali ni kunakili, maadamu ingali inasomeka, kila faili lenye thamani kwako. Kwani dhamana, hata ikiwa ya miaka 5, hufidia chombo tu, wala haihusiani abadani na picha za arusi na hesabu za biashara zilizomo.

Kisha chukua namba ya mfululizo iliyo kwenye lebo ya diski, ukaiingize katika tovuti ya mtengenezaji, upate kujua kama muda ungalipo. Hapo ndipo wengi wanapoghafilika: diski iliyokuja ndani ya kompyuta mpya, mara nyingi mdhamini wake ni kampuni iliyounda kompyuta, si iliyounda diski, na ile iliyoletwa kutoka Dubai yaweza kukataliwa kwa hoja kwamba iliuzwa kwa soko jingine. Risiti ihifadhi kama hati ya shamba, na uipige picha, maana maandishi yake mara nyingi hufifia upesi.

Usiifungue diski wala usibandue lakiri yake. Kabla ya kuituma kwa mdhamini, ifungashe katika mfuko wa kukinga umeme tuli, ndani ya sanduku lenye sponji. Utakayoletewa badala yake huenda ikawa iliyokarabatiwa, na mdhamini ana haki ya kufanya hivyo. Lakini ikiwa yako ina siri za wateja, wala haikubali tena kufutwa, kwa rai yangu heri kuisamehe dhamana, ukanunua nyingine.